Kumpokea sokwe yatima: tangu sanduku linapofunguliwa hadi apate kundi lake

Sokwe mchanga haletwi kituoni akiwa mzima. Anafika ndani ya kikapu, gunia au sanduku la mbao, kamba ikiwa imemzama kiunoni, ana miezi kadhaa au mwaka na ushei, na mama yake ameshauawa. Sokwe jike hamwachi mwanawe, kwa hiyo hakuna njia ya kumpata mtoto bila kumwua mama, na mara nyingi na wengine waliojitokeza kumtetea. Wengi walioko Lwiro, Kivu Kusini nchini Kongo, kituo kilichoanza mwaka 2002, na wale wa kituo cha J.A.C.K. kule Lubumbashi, kilichoanza 2006, wamepitia hayo. Kisiwa cha Ngamba, Uganda, kinawatunza wenzao tangu 1998. Kenya haina sokwe wa mwituni kabisa, lakini Sweetwaters, Laikipia, ilifunguliwa 1993 kwa ajili ya sokwe waliohitaji kuondolewa Burundi kwa sababu ya vita.

Maelezo haya ni ya mfanyakazi mpya wa kituo, askari wa wanyamapori, na daktari wa mifugo wa wilaya ambaye huenda akawa wa kwanza kumshika mtoto huyo. Jambo moja ndilo linaloamua mengine yote: kazi ya mlezi ni kumrudisha sokwe kwa sokwe. Chupa, mbeleko, kitanda na michezo, vyote vipimwe kwa swali hilo. Kinachomsogeza karibu na wenzake kifanyike. Kinachomfanya awe mtoto wa nyumbani kiachwe, hata kama kinampendeza yeye na wewe.

Akiletwa na mtu anayetaka kumwuza, usinunue, hata kwa huruma. Ukishalipa, umeagiza mwingine auliwe mama yake. Wapigie wenye mamlaka ya wanyamapori: TAWA kwa Tanzania, KWS kwa Kenya, UWA kwa Uganda, ICCN kwa Kongo. Sokwe yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku.

Saa za kwanza

Andaa chumba kimya, chenye joto, kisicho na watazamaji. Aingie mtu mmoja tu, amevaa barakoa inayofunika pua na mdomo, glavu, ovaroli na gambuti ambazo hazitoki chumba hicho. Mwenye mafua asiingie kabisa, hata akiwa na barakoa mbili. Sokwe hupata magonjwa yetu karibu yote, ila hana kinga tuliyoijenga sisi tangu utotoni. Mwaka 2013 kule Kanyawara, msitu wa Kibale, kirusi cha mafua ya binadamu kiliua sokwe watano katika jamii ya 56. Kwa mtu yale ni mafua ya siku tatu.

Fungua sanduku, kisha kaa chini sakafuni. Usimkodolee macho, geuza uso pembeni kidogo. Toa sauti ya chini ya kuhema, hu-hu-hu, taratibu. Mnyoshee mkono ukiwa umekunja kiganja, mgongo wa mkono ukimwelekea yeye, maana vidole vilivyonyooka huumwa. Atanusa, atagusa kwa mdomo, na akiamua atakukamata nguo kwa mikono na miguu yote minne. Akishakukamata, usimbandue. Uchunguzi wote wa mwanzo unaweza kufanyika akiwa kifuani kwako.

Pima uzito: jipime naye, kisha toa uzito wako. Pima joto la mwili. Tazama macho kama yamezama, bonyeza ufizi uone kama damu inarudi upesi, vuta ngozi ya tumbo uone kama inachelewa kurudi. Papasa kiunoni, shingoni na kwenye kinena, kwa sababu kamba ikikaa wiki kadhaa ngozi huota juu yake na manyoya yakaificha. Angalia viganja na nyayo kama kuna funza. Vinundu vidogo vigumu chini ya ngozi vinaweza kuwa chembe za risasi ya gobore iliyomwua mama; mwandikie picha ya eksirei. Umri usomwe kwenye meno: asiye na jino lolote huwa na chini ya miezi mitatu hivi, mwenye meno yote 20 ya utotoni amepita mwaka mmoja, na gego la kwanza la kudumu hutokea baada ya kufikisha miaka mitatu. Kishungi cheupe nyuma ya makalio ni alama ya utoto, na wakubwa humvumilia mwenye nacho.

Kosa kubwa la siku ya kwanza ni kumpa maziwa papo hapo kwa sababu analia. Mtoto aliyepoa mwili tumbo lake limesimama. Maziwa yatakaa, yatachacha, yatamtapisha au kumharisha, na usiku atakuwa taabani. Fuata mpango huu:

1. Mpashe joto kwanza. Kifua chako, mbeleko na blanketi vinatosha mara nyingi. Chupa za maji ya moto zizungushiwe taulo. Usimpe chochote mdomoni mpaka joto lifike digrii 36 na awe anaweza kumeza.

2. Mpe maji ya ORS. Kipimo cha watoto wa binadamu kinafaa: takriban mililita 75 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa nne. Sokwe wa kilo 4 atapata mililita 300, kijiko baada ya kijiko. Aliyekonda sana apewe polepole zaidi, na daktari awepo.

3. Akishakojoa na macho yamechangamka, anza maziwa ya kopo ya watoto wachanga yaliyozimuliwa nusu kwa nusu. Baada ya saa 24 bila kuhara, mpe maziwa kamili, kwa kijiko kilichomo ndani ya kopo na kwa kipimo kilichoandikwa. Maziwa ya ng'ombe hayafai. Wala usiyafanye mazito ukidhani atanenepa upesi; utamkausha maji na kumfungia choo.

Kwa siku, mtoto mdogo anahitaji maziwa kama asilimia 20 ya uzito wake. Wa kilo 2 atakunywa mililita 400 zilizogawanywa mara nane hadi kumi, usiku ukiwemo. Anavyokua mara hupungua na chupa hukua.

Namna ya kumshika ndiyo inayoua wengi. Usimlaze chali kama mtoto wa binadamu. Mshike wima, tumbo lake likigusa lako, kichwa kimeinuka kidogo, kama angekuwa kwenye titi. Geuza chupa juu chini: maziwa yadondoke tone moja moja. Yakitiririka, tundu la chuchu ni kubwa mno, tupa chuchu hiyo. Mtoto mwenye njaa hunyonya kwa pupa, maziwa yakaingia mapafuni. Ukiona maziwa puani, acha mara moja, mwinamishe mbele. Kesho yake hesabu pumzi zake. Kuhema haraka na homa ni nimonia mpaka daktari aseme vinginevyo.

Karantini isiyo ya upweke

Vituo vingi huweka siku 90. Katika muda huo apimwe kifua kikuu mara kadhaa: dawa huchomwa kwenye ngozi ya kope la juu, na kope husomwa baada ya saa 24, 48 na 72. Kope ndilo huchaguliwa kwa sababu uvimbe unaonekana ukiwa mbali, bila kumshika tena. Kinyesi kipimwe zaidi ya mara moja, kwa kuwa minyoo haitoi mayai kila siku. Wa kuogopwa zaidi ni strongiloidi, ambaye hupenya ngozi na huweza kujizalisha humo humo mwilini mwa mtoto dhaifu. Sakafu isuguliwe kwa sabuni kwanza, kisha ipakwe jiki: sehemu moja ya jiki ya asilimia 3.5 kwa sehemu sita za maji, iache dakika kumi, suuza, kausha. Ukimwaga jiki juu ya kinyesi umeipoteza bure, uchafu unaimaliza nguvu.

Lakini mtoto wa sokwe akiachwa peke yake siku 90 anaharibika. Porini hubebwa na mama mchana kutwa, hulala juu yake usiku, na hunyonya hadi miaka minne au mitano. Kwa hiyo teua walezi wawili, wasizidi watatu, waingie karantini pamoja naye kwa zamu, usiku na mchana. Wawe wamepimwa kifua kikuu, wamechanjwa surua, polio na homa ya ini B, na kwa muda huo wasikaribie sokwe wengine wa kituo. Gombe ilipigwa na ugonjwa wa kupooza uliofanana na polio mwaka 1966, na chanjo hizi si za mapambo kwenye faili.

Mlezi ambebe tumboni, si mgongoni. Mgongo unakuja baadaye, anapofikisha karibu nusu mwaka na kuanza kupanda mwenyewe. Kanga au kitenge cha mbeleko kisifuliwe kila siku katika wiki ya kwanza, harufu ndiyo inayomtuliza mlezi anapobadilishana zamu. Kwenye makabidhiano walezi wote wawili wakae pamoja kwa nusu saa, mmoja ameshika chupa na mwingine amembeba mtoto, mpaka yeye mwenyewe ahame. Ukimng'oa kwa huyu na kumpachika kwa yule, kesho atagoma kula.

Walezi wakibadilishwa hovyo utaliona tatizo kwenye mwili wake. Atajikumbatia na kuyumba mbele na nyuma kwa dakika nyingi. Atanyonya kidole cha mguu, atajing'oa manyoya ya mkono hadi ngozi ibaki wazi, atatapika na kula tena alichotapika. Ukiona hayo usitafute dawa kwanza. Tazama ratiba ya walezi.

Usimvishe nepi wala nguo. Usimpige. Akiuma, toa ile sauti fupi ya ukali kama kikohozi ambayo sokwe wakubwa hutumia, geuza uso, acha mchezo kwa dakika moja. Anaelewa. Na picha za mtoto akiwa amekumbatiwa na mtu zisisambazwe mitandaoni. Anayeiona picha hiyo haoni mama aliyeuawa, anaona mnyama wa kufuga.

Kuusoma uso

Watu wengi hudanganywa na meno. Sokwe aliyevuta midomo nyuma na kuonyesha safu zote mbili za meno, huku amenyamaza au analia, ameogopa sana. Uso wa furaha ni mdomo uliofunguka umelegea, taya la chini limeshuka, meno ya juu yamefichwa na mdomo, na pumzi inatoka kwa kicheko cha kuhema. Ndiyo sura utakayoiona ukimtekenya shingoni. Dume akisimamisha manyoya mabegani na mikononi ilhali midomo imebanwa, anakaribia kutimua mbio za vitisho akiburuta chochote kilicho mbele yake. Mguno wa kuhema akiwa ameinama ni salamu ya heshima kwa mkubwa. Mtoto asiyejua salamu hiyo atapigwa, na wewe huwezi kumfundisha vizuri. Anajifunza kwa kuwasikia wenzake. Kwa hiyo hata chumba cha karantini kiwe mahali anaposikia sauti za kundi, mbali kwa magonjwa lakini si mbali kwa masikio.

Kumwingiza kundini

Anza na watoto wenzake. Yatima wawili au watatu wa rika lililokaribiana, waliomaliza karantini, hushikana kama ndugu ndani ya siku chache, na mlezi huanza kurudi nyuma: kwanza anakaa katikati yao, kisha pembeni, kisha nje ya wavu. Wapelekwe msituni kila siku wakapande, waanguke, watafune majani.

Kwa wakubwa usiharakishe. Dume mzima asiyemjua mtoto anaweza kumwua, na jike pia anaweza. Jengo liwe na vyumba vinavyopakana, na kila chumba kiwe na milango isiyopungua miwili, ili anayekimbizwa asijikute kwenye kona. Hili halina mbadala. Chumba chenye mlango mmoja ni mtego, na majeraha mabaya zaidi hutokea humo.

Hatua ya kwanza ni kuonana ng'ambo ya nafasi ya mita moja au mbili. Ya pili ni wavu kwa wavu, matundu yakiruhusu kidole cha mtoto lakini si mkono wa mkubwa. Hapo ndipo unapochagua mama mlezi. Tafuta jike mtulivu, asiye na mtoto, aliyekulia katika kundi, ambaye akifika kwenye wavu hukaa, hutoa midomo na kumchambua mtoto manyoya, hata kama ni kwa dakika mbili. Anayekuja, akatema mate na kupiga wavu, mwache. Huenda mwezi ujao akabadilika.

Hatua ya tatu ni jike huyo na mtoto ndani ya chumba kimoja, asubuhi, wote wameshiba, wafanyakazi wawili tu wakiwa nje. Tawanya majani na mbegu chini ili mikono iwe na kazi. Dakika ya kwanza mtoto atapiga kelele. Jike mzuri hasogei. Hukaa akiwa amempa mtoto ubavu, hunyosha mkono kiganja juu, na kungoja. Mtoto hutambaa, hugusa kidole, hukimbia, hurudi. Siku ya kwanza ikiisha na kuguswa mgongoni tu, imeisha vizuri. Siku jike atakapomgeuzia mgongo na kushusha makalio ili apande, mbeleko yako imemaliza kazi.

Baada ya hapo ongeza mmoja mmoja: majike wengine, dume kiongozi, kisha vijana. Dume kiongozi asiachwe mwisho kabisa. Akishamkubali mtoto, huwazuia madume vijana ambao ndio wasumbufu zaidi. Kazi yote inaweza kuchukua wiki au miezi.

Kelele zisikutie hofu. Sokwe hupayuka kwa ugomvi mdogo, kisha wanakumbatiana. Ogopa ukimya: mtoto amebanwa chini na hatoi sauti, au mkubwa anauma mara ya pili na ya tatu mahali pale pale. Hapo tumia bomba la maji lenye nguvu, fungua mlango wa pili, piga makelele. Usiingie ndani kamwe. Vidole, masikio na miguu ndivyo huumia zaidi, na majeraha mengi hupona bila kushonwa, kwa sababu sokwe huyalamba na kuyasafisha. Kumtoa kundini kwa kidonda kidogo ni kurudi mwanzo, hivyo daktari apime kipi kibaya zaidi.

Makomeo, chakula, kulala

Kuanzia miaka mitano au sita hakuna mtu kuingia alipo sokwe, hata mlezi aliyemlea kwa chupa. Anauma vidole na uso, na anaweza kufanya hivyo akiwa amekasirishwa na mwingine. Kila mlango uwe na komeo mbili na kufuli. Anayefunga afunge, wa pili avute kwa mkono wake, wote waandike. Kabla ya kufungua mlango wa kuingia kufanya usafi, hesabu vichwa kwa majina, kwa sauti. Ajali nyingi huanza na hesabu iliyofanywa kwa kukadiria.

Uzio wa umeme upimwe kila asubuhi kabla hawajatoka, na matawi yanayouelekea yakatwe, kwani sokwe huegemeza gogo na kuligeuza ngazi. Ukiweka maji kama mpaka, kumbuka kwamba sokwe hawajui kuogelea na huzama hata kwenye mfereji; kingo ziwe za mteremko wenye kamba au wavu wa kushikilia.

Ndizi na maembe ya sokoni yana sukari nyingi kuliko matunda ya msituni. Sokwe wa kituoni hunenepa, na ugonjwa wa moyo huwaua madume wengi wanaotunzwa na binadamu. Kwa hiyo mboga na majani yawe mengi kuliko matunda: kabichi, karoti, biringanya, mchicha, matango, na matawi mabichi anayoyabandua maganda mwenyewe. Uji wa lishe asubuhi unafaa kwa kuficha dawa, na unampa mlezi nafasi ya kumtazama kila mmoja kwa karibu. Porini hutumia karibu nusu ya siku kutafuta na kula. Ukimwekea yote kwenye beseni, atamaliza kwa robo saa na kuanza kujing'oa manyoya. Tawanya, ficha, gandisha, tia asali ndani ya kichuguu cha saruji chenye matundu na umwachie vijiti.

Jioni mpe majani au nyasi kavu kila siku, na jukwaa lililo juu. Sokwe mwenye afya hutandika kitanda kipya kila usiku. Mtoto hujifunza kwa kumtazama jike aliyemchukua, na asiyetandika kufikia miaka mitano anahitaji kulazwa na wanaojua.

Vituo havizalishi, nafasi ni ya yatima wajao. Majike huwekwa kijiti cha uzazi wa mpango kile kile cha wanawake. Mpasuo ufungwe vizuri na jike atengwe hadi upone, la sivyo mwenzake atakichokonoa na kukitoa wakati wa kuchambuana.

Mlezi aliyemlea huondoka polepole. Apunguze zamu kwa wiki kadhaa, ahamie kazi ya kundi lingine, apite kwenye uzio kama watu wengine wote. Mtoto akimwona na kukimbilia kwa jike wake badala ya kukimbilia uzio, andika tarehe hiyo kwenye daftari. Akimwona na kuendelea kula, asimwite jina. Ahesabu vichwa na kwenda banda linalofuata.